Je, "Tuli" ni Neno Sahihi? Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya PHP hukutana mapema na neno "static". Kamusi humpa "tuli", naye huandika daftarini "kigeu tuli". Papo hapo huanza kupotea: kitu tuli hakibadiliki, ilhali kigeu hiki huweza kubadilika kila kinapotumiwa. Katika makala haya tunafuatilia historia ya istilahi hiyo, na mifano yetu tunaichota katika mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura.

Asiatique, kama Buyenzi, ni miongoni mwa mitaa ya Bujumbura inayojulikana kwa Kiswahili chake. Jina lake la Kifaransa ni urithi wa enzi ya Wabelgiji, waliotenga makazi ya mji kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Waafrika kwao, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu kwao. Mji wenyewe ulikuwa ukiitwa Usumbura. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 ukaitwa Bujumbura. Ziwa ni lile lile na ardhi ni ile ile. Hivyo basi, jina na kitu chenye jina ni mambo mawili. Tulishike hilo, kwani tutalihitaji.

Sasa tuchukue duka dogo katika mtaa kama huo. Kila jioni sanduku la fedha humwagwa, na kesho huanza tupu. Lakini daftari la madeni hubaki rafuni: deni la jana husomwa leo, na la leo huongezwa chini yake. Katika programu, fanksheni ni fungu la maagizo lililopewa jina, na kila inapoitwa ni kama siku mpya ya duka. Kigeu cha kawaida ndani yake ni sanduku la fedha. Kigeu cha "static" ni daftari: thamani ya kuanzia huwekwa mara moja tu, na kila mwito huendelea pale ulipoishia uliotangulia. Katika PHP kumbukumbu hiyo huisha programu inapomaliza kazi yake, kama daftari lisivyo na maana duka likishavunjwa.

Dhana hii ni kongwe kuliko PHP. Lugha ya ALGOL 60, ya mwaka 1960, ilikiita kigeu cha namna hii "own", yaani cha kwake mwenyewe. Lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikatumia "static", kwa kuwa mahali pa kigeu katika kumbukumbu ya kompyuta hubaki pale pale muda wote programu inapoendeshwa. Kilichotulia, basi, ni mahali, si thamani. PHP, iliyotangazwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, nayo hutumia neno hilo hilo la C.

Aidha, PHP ina rejeo, linaloandikwa kwa alama ya &. Rejeo hukipa kitu kimoja majina mawili, kama Usumbura na Bujumbura: likibadilishwa jambo kwa jina moja, huonekana pia kwa jina la pili.

Mambo haya mawili yalipokutana, yalizaa mtego. Katika PHP 4, ya mwaka 2000, kukipa kigeu kitu kiitwacho objekti kulikuwa ni kutoa nakala yake. Waandishi wa programu wakazoea kutumia rejeo ili kuepuka nakala. Lakini kigeu cha "static" kilichofungwa kwa rejeo kilikutwa kitupu katika mwito uliofuata! Sababu ni kwamba "static" yenyewe hufanya kazi kwa rejeo: kila mwito, jina hufungwa upya kwenye hifadhi yake. Ni sawa na muuza duka aliyebandua lebo "Madeni", akaibandika kwenye kitabu kingine na kuandika humo. Kesho yake lebo imerudi kwenye daftari la rafuni, ambamo hakuna kilichoandikwa. Angeandika katika daftari lenyewe, yaani kwa alama ya = peke yake, deni lingesomeka.

PHP 5, ya mwaka 2004, iliondoa haja ya desturi hiyo, kwani kigeu kilianza kubeba kitambulisho cha objekti badala ya objekti nzima. PHP 7, ya mwaka 2015, ikakataa kabisa kuifunga objekti mpya kwa rejeo. Hata hivyo, kwa thamani nyingine mtego ungalipo.

Kwa maoni yetu, "kigeu tuli" kinamficha mwanafunzi jambo analopaswa kulijua. Tunapendekeza "kigeu chenye kumbukumbu". Ni kirefu, na hakifai pale "static" inapohusu mali ya klasi nzima. Huko litafutwe neno lake. Lakini ndani ya fanksheni kinasema kweli.

Walimu, lijaribuni darasani kwa kihesabio kinachoanza na sifuri na kuongeza moja. Kiiteni mara tatu. Kikijibu 1, 2, 3, waulizeni wanafunzi kama hicho ni kitu tuli. Majibu yao tungependa kuyasikia.