Habari za Nguruwe na Ngiri

Msomaji, ukisimama juu ya kilima cha Kericho au Bomet utaona chai imeifunika nchi, na kandokando yake ng'ombe wa maziwa wakila nyasi. Wakipsigis ni wafugaji wa ng'ombe tangu zamani. Nguruwe wa kufugwa ni mgeni kwao. Aliletwa Kenya na walowezi wa Kizungu. Lakini kijana atakaye kuifanya kazi ya kutunza mifugo, hasa nguruwe, yampasa kuujua msiba uliowapata walowezi hao.

Kuanzia mwaka 1909 ilizuka homa kali katika mashamba yao. Nguruwe aliyekuwa mzima alikataa chakula, akahema kwa shida, na baada ya siku chache akafa. Daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, R. Eustace Montgomery, aliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1921 akachapisha aliyoyaona. Kati ya nguruwe 1,366 walikufa 1,352. Toa hesabu mwenyewe: walisalia 14 tu.

Homa hiyo ilifanana na ile iliyojulikana Ulaya, lakini Montgomery alionyesha kuwa ni nyingine, kwani kinga ya ile haikumlinda mnyama na hii. Aliwashuku ngiri na nguruwe mwitu, ambao huubeba ugonjwa pasipo kuugua. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walitangaza kwamba wamevikuta virusi vyake ndani ya papasi waliotolewa katika mashimo ya wanyama nchini Tanzania. Basi ikafahamika njia yake: papasi humwuma ngiri mchanga shimoni, kisha humwuma nguruwe wa kufugwa, naye huwaambukiza wenzake zizini.

Usidhani kwamba ugonjwa ulibaki Afrika. Mwaka 1957 ulifika Ureno, mwaka 2007 Georgia, na mwaka 2018 Uchina. Ulisafiri ndani ya nyama na makombo. Haumdhuru mwanadamu, wala dawa ya kuuponya haijapatikana.

Bomet imepakana na Narok, nchi ya Masai Mara, ambako ngiri ni wengi. Kwa hiyo mtunzaji mwema hujenga ua imara, huchemsha makombo kabla ya kuyalisha, na hamruhusu mgeni kuingia zizini na viatu vya njiani. Kazi hizo ni za kila siku, na hakuna azisifuye.

Lakini mtihani mkubwa huja siku nguruwe wa kwanza afapo. Mchuuzi husimama mlangoni, tayari kuwanunua waliobaki kwa bei ya chini, na karo ya watoto inadaiwa. Mfugaji akiuza, atapata fedha kidogo, na mazizi ya jirani yataangamia. Akimwita daktari wa mifugo, huenda akapoteza wote, lakini kijiji kitaokoka. Hapo ndipo ajulikanapo mtunzaji wa kweli.