Kafe resa: Jinsi ya kujenga pikipiki ya mtindo huu nyumbani bila kuharibu chombo

Katika vijiwe vya bodaboda mkoani Singida, pikipiki chache hubaki kama zilivyotoka dukani. Hii imeongezwa keria ya chuma, ile mwavuli, nyingine imejaa maandishi na bendera. Mtindo mwingine unaoonekana sana kwenye picha za simu ni kafe resa: pikipiki nyembamba, usukani wa chini, siti fupi ya mtu mmoja, isiyo na mapambo.

Makala haya yanaeleza mtindo huo ulikotoka, nini kinaweza kufanyika kwenye gereji ya kijijini, na wapi usiguse.

Mtindo ulianzia wapi?

Ulianzia Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Vijana wa London walikuwa wakikutana kwenye migahawa ya kando ya barabara, maarufu zaidi ukiwa Ace Cafe, uliofunguliwa mwaka 1938. Walishindana kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilometa 160. Hawakuwa na fedha za kununua pikipiki za mashindano, hivyo walipunguza uzito wa zile walizokuwa nazo. Wengine walichukua injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton, na pikipiki hiyo ikaitwa Triton.

Kwa hiyo kafe resa tangu mwanzo ni kazi ya mtu wa kipato kidogo. Lakini barabara zao zilikuwa za lami, na hawakuwa wakibeba magunia ya alizeti.

Pikipiki ipi inafaa?

Inayofaa ni yenye injini rahisi, kabureta, na vipuri vinavyopatikana karibu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoko nchini zina injini inayofuata muundo wa Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambako pikipiki hufanya kazi nzito na matengenezo ni haba. Fundi wa kijijini anaijua injini hiyo. Boxer na TVS nazo zinafaa kwa sababu hiyo hiyo.

Swali kubwa zaidi ni pikipiki hiyo ni ya nani, na inafanya kazi gani. Kama uko kwenye mkataba, bado si yako. Usikate chochote bila ruhusa ya mwenye chombo. Na kama ndiyo pikipiki pekee ya nyumbani, kumbuka kwamba ndiyo pia inayompeleka mjamzito zahanati usiku. Siti ya mtu mmoja haitambeba. Mradi huu unafaa zaidi kwa pikipiki ya pili, au iliyochakaa na kuwekwa pembeni.

Anza na vinavyorudishika

Kabla ya kufungua nati yoyote, piga picha kila upande kwa simu. Funga karatasi yenye maandishi kwenye kila waya unaouchomoa. Vitu vyote ulivyotoa vihifadhi kwenye gunia moja.

Kisha fanya yale yanayoweza kurudishwa: badilisha usukani, toa keria na vifuniko vya plastiki, tengeneza siti mpya juu ya bati imara, paka rangi tangi. Ukifunga usukani wa chini, uzungushe kulia na kushoto hadi mwisho. Haupaswi kugusa tangi, na waya za klachi, breki na mafuta hazipaswi kuvutika. Injini ikiwa inanguruma na mlio wake ukipanda unapokata kona, waya wa mafuta umebana. Rekebisha kabla ya kupanda.

Jua pia kwamba usukani wa chini huweka uzito wa mwili kwenye viganja. Kwenye lami si tatizo kubwa. Kwenye njia ya mchanga, tairi la mbele linaweza kuzama na kukutupa.

Fremu: mahali pa hatari

Watu wengi hutamani kukata sehemu ya nyuma ya fremu ili siti iwe fupi. Hapo ndipo pikipiki inapoweza kuharibika moja kwa moja.

- Usikate wala kudhoofisha mahali shokapu za nyuma zinaposhikia. Ukikata, kata nyuma ya hapo, kisha unganisha ncha mbili kwa bomba lililokunjwa ili zisichezecheze.
- Usiguse shingo ya fremu. Inabeba usukani na tairi la mbele, na mara nyingi ndipo namba ya chesisi ilipogongwa.
- Kabla ya kuchomelea, toa tangi na ulipeleke mbali. Tangi tupu lina mvuke wa petroli na linaweza kulipuka.
- Chomoa betri na kifaa cha umeme wa plagi, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuviunguza.
- Bomba la fremu ni jembamba. Tafuta fundi anayejua kuchomelea vyuma vyembamba, si wa mageti pekee.

Vumbi, tope na cheni

Kwenye picha nyingi, boksi la hewa limeondolewa na kuwekwa chujio dogo la wazi. Kwa Singida yenye ukame na upepo, liache boksi mahali pake. Vumbi likiingia kwenye kabureta husaga pistoni na silinda, na hewa ikizidi injini huchemka. Madigadi nayo yaache. Masika tope litarushwa kwenye injini, waya na mgongo wako.

Kuna wanaopunguza sproketi ya nyuma ili wapate kasi. Chukua mfano wa meno 14 mbele na 42 nyuma: sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara 1. Ukiweka 38 nyuma, inakuwa mara 2.7. Mwendo unaongezeka kidogo, lakini nguvu ya kuvuta inapungua kwa karibu asilimia 10. Utaligundua hilo ukipanda Sekenke.

Kadi na sheria

Kadi ya pikipiki hutolewa na TRA na ina namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Ukibadilisha rangi au injini, peleka taarifa ili kadi ilingane na chombo. Isipolingana, itakusumbua kwenye ukaguzi na siku ya kuuza. Usisage namba kamwe.

Taa, breki, honi, vioo, indiketa, namba ya usajili na ekzosi isiyopiga kelele vibaki. Ukiwa na bima, uliza kwanza kama mabadiliko yanakubalika.

Kabla ya kuingia barabarani

Jaribu kwanza uwanjani kwa mwendo mdogo, ukiwa na kofia ngumu. Kanyaga breki zote mara kadhaa. Baada ya kilometa chache simama, kaza nati zote upya, na angalia kila ulipochomelea kama kuna ufa. Rudia ukaguzi huo baada ya wiki. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usiipande tena hadi fundi aitengeneze.