Deni la Pambano la Tatu

Sehemu ya 3

ILIPOISHIA: Jumapili, Mei 16, 2021. Tyson Fury ametokea kwenye video akitangaza kwamba pambano lake na Anthony Joshua limekamilika asilimia mia: Agosti 14, Saudi Arabia. Usiku huohuo Idi anafungua droo ya mjomba wake, Mzee Haji, kinyozi wa Watford. Anachukua bahasha ya kibati yenye pauni 4,000 na kumpelekea mtu anayeuza nafasi za safari ya kwenda kutazama pambano. Anapewa risiti, anatia saini. Ndipo anapoona maandishi madogo chini kabisa: pesa ikishapokelewa hairudi...

SASA ENDELEA...

Jumatatu ile mikahawa ya Uingereza iliruhusiwa tena kuhudumia watu ndani, baada ya miezi mingi ya korona. Wateja wa Mzee Haji hawakuhangaika na mikahawa. Walijazana kwa kinyozi, barakoa usoni, hata wasio na nywele za kukata. Watford ndiko alikozaliwa Joshua, na hapa habari zake huzungumzwa kama za mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani.

Idi alisimama kwenye kiti cha pili akinyoa kichwa cha mtu bila kukiona. Simu ilikuwa mfukoni, na ndani yake ujumbe wa Mama Zulfa aliokwisha kuusoma mara nyingi: "Mwambie mjomba wako nitapita leo jioni kuchukua changu."

Zamu ya kibati ilikuwa yake. Wanachama ishirini, pauni mia mbili kila mmoja, na zamu hii Mama Zulfa aliingoja mwaka mzima. Mumewe alikwama Unguja tangu kabla ya korona, na ile pesa ndiyo ada ya viza yake.

"Mimi nawaambia, safari hii hakuna kurudi nyuma!" Baba Neema, dereva wa lori kutoka Mombasa, alikuwa amekalia benchi peke yake kwa upana wa mwili wake. "Mwaka jana mwezi wa sita Hearn, promota wa Joshua, alisema wamekubaliana mgao wa pesa. Mwaka huu Machi akasema wamesaini. Jana Fury mwenyewe katoa tarehe. Bado nini?"

"Bado Wilder," alisema Rukia.

Alikuwa mlangoni na begi lake la kazini. Rukia, binti wa Mzee Haji, alifanya kazi katika ofisi ya mawakili, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kusoma mikataba ya watu wengine.

"Wilder alipigwa, binti yangu. Alipigwa mpaka kona yake ikatupa taulo."

"Alipigwa, ndiyo. Lakini kabla hajapigwa alisaini, na Fury alisaini."

Akaweka begi chini akawaeleza, na mimi nitaeleza kama alivyoeleza, maana hapo ndipo kisa kizima kilipojificha. Fury na Deontay Wilder walikutana mara ya kwanza Los Angeles, Desemba 1, 2018. Raundi ya 12 Fury aliangushwa chali, kila mtu akadhani kwisha habari, akainuka, na majaji wakatoa sare. Wakarudiana Las Vegas, Februari 22, 2020, na raundi ya saba taulo likaruka ulingoni. Mkataba wa marudiano hayo ulikuwa na kifungu kinachompa aliyeshindwa haki ya kudai pambano la tatu. Wilder akadai. Ikaja korona, tarehe ya Julai ikasogezwa, ikasogezwa tena na tena, hadi upande wa Fury ukasema muda wa kifungu umekwisha na wao wanasonga mbele. Wilder hakukubali. Akalipeleka shauri kwa msuluhishi, jaji mstaafu wa Marekani anayeitwa Daniel Weinstein.

"Na huyo jaji kasema nini?" aliuliza Sefu, kijana aliyekuwa chini ya mashine ya Idi.

"Bado hajasema."

Mashine ikamponyoka Idi. Ilipita juu ya sikio la Sefu na kuacha njia nyeupe kuelekea kisogoni. Sefu hakuona. Rukia aliona, akamtazama binamu yake kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kosa la kinyozi.

*

Habari iliingia jioni. Ilianza kwa simu ya Baba Neema, ikafuata ya Sefu, kisha zote zikalia pamoja. Jaji Weinstein ameamua: Fury lazima apigane na Wilder mara ya tatu, kabla ya Septemba 15.

Kwa muda hakuna aliyenena. Halafu wote wakanena.

"Hearn!" Baba Neema alisimama. "Lawama ni ya Hearn! Miezi anazunguka kwenye vyombo vya habari anauza ng'ombe asiyejua kafungwa wapi!"

"Hearn alihakikishiwa na watu wa Fury kwamba lile shauri si tatizo," Sefu alijibu, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. "Kasema mwenyewe. Mwenye kosa ni Fury. Jana tu kaapa mbele ya dunia! Mtu unatangaza tarehe huku kesi yako haijaamuliwa?"

"Fury ni bondia, hasomi karatasi. Ana Frank Warren hapa, ana Bob Arum kule Marekani. Hao mapromota wake, hiyo ndiyo kazi yao."

"Basi Wilder!" alidakia mwingine kutoka kona ya sofa. "Mtu kapigwa, akasingizia vazi alilovaa kuingilia ulingoni, eti zito, limemmaliza miguu. Akamfukuza kocha wake Mark Breland kwa kutupa taulo lililomwokoa. Mtu kama huyo anasimamisha ngumi za dunia nzima?"

"Anadai haki yake," alisema Rukia. "Vazi lilikuwa kisingizio. Saini si kisingizio."

Hapo kelele zilipanda hadi wapita njia wakachungulia. Na wasilaumiwe kwa kupandisha sauti, kwa kuwa kilichopotea kilikuwa kikubwa. Joshua alikuwa na mikanda mitatu, WBA, IBF na WBO, na Fury alikuwa na wa WBC. Uzito wa juu haukuwa umepata mbabe asiyepingwa tangu Lennox Lewis alipomshinda Evander Holyfield mwaka 1999, na wakati huo hakukuwa na bondia wa uzito huo aliyewahi kushika yote minne kwa pamoja. Waingereza wawili, mmoja wa Watford na mmoja wa Manchester, wote wakiwa katika ubora wao, ngumi chache tu kutoka kwenye jambo hilo. Mpenzi wa ndondi aliyelisubiri pambano hili hakuwa mjinga. Alikuwa na kila sababu ya kusubiri.

Mzee Haji alizima mashine yake. Alikuwa hajasema neno tangu habari ilipoingia.

"Mnamjua Riddick Bowe?"

Vijana walitazamana.

"Olimpiki ya Seoul, 1988. Fainali. Lewis alimsimamisha Bowe raundi ya pili. Baadaye Bowe akawa bingwa wa dunia, na Lewis yuko nyuma yake anadai nafasi. Wakubwa wakabishana pesa. Desemba 1992 Bowe akaja hapahapa London, akauchukua mkanda wa WBC akautupa kwenye pipa la taka mbele ya wapiga picha. Mkanda wa dunia! Ili tu asilazimishwe kupigana na Lewis."

"Wakapigana lini, Mzee?"

"Hawakupigana." Mzee alikung'uta taulo. "Nilikuwa kijana, naosha vyombo hotelini. Niliweka pesa ya tiketi pembeni, nikaongeza, nikaongeza. Mpaka wote wawili wakastaafu. Siku ile nilimlaumu Bowe. Mwaka uliofuata nikamlaumu meneja wake, halafu nikamlaumu Lewis mwenyewe kwa kukataa alichopewa. Lakini pesa yangu ilikuwa mfukoni mwangu, wanangu. Hapo ndipo nilipopona."

Alisema maneno hayo akiwa amempa Idi mgongo. Kwenye kioo, macho yao yalikutana.

Idi akahisi jasho linamtambaa ndani ya shati. Mjomba anajua? Kama anajua, mbona hajasema? Alitoka nje, akabonyeza namba ya mtu aliyempa pesa usiku wa jana kwenye maegesho ya kituo cha treni. Simu iliita mara moja. Kisha sauti ya mwanamke wa mtandao ikamwambia kwamba namba hiyo haipatikani.

Alipogeuka, Mama Zulfa alikuwa anavuka barabara.

*

"Hodi hapa, jamani. Mbona kelele kama sokoni?"

"Karibu, Mama Zulfa. Vijana wamefiwa na pambano," alisema Mzee Haji, akamtandikia kitambaa safi kwenye kiti.

"Poleni. Mimi ngumi sizijui." Alikaa, mkoba magotini, akaushika kwa mikono miwili. "Baba Zulfa kapiga simu asubuhi. Kasema ameshakusanya karatasi zake zote. Ilibaki hii tu."

Hapo mabishano yalikatika. Hata Baba Neema aliketi.

Idi alifungua kinywa. Alikuwa ameamua, na naamini alikuwa ameamua kweli. Angesema yote mbele ya watu wote, hata Mzee amfukuze, hata mama yake kule Unguja apigiwe simu usiku huo.

"Mjomba, kabla ya..."

"Idi." Sauti ya Mzee ilikuwa ya kawaida kabisa. "Fungua droo. Mpe Mama Zulfa bahasha yake. Ihesabu mbele yake, ndio utaratibu."

"Mjomba, nataka kukwambia..."

"Fungua droo, mwanangu."

Miguu ilimpeleka. Droo ilikuwa ileile, ya chini, yenye kitasa kilicholegea. Jana usiku aliiacha tupu; alikumbuka hata alivyoisukuma taratibu isipige kelele. Akavuta.

Bahasha ilikuwamo.

Ya kaki, nene, imefungwa kwa uzi wa buluu, na juu yake mwandiko wa Mzee: Kibati, Mei. Idi aliinyanyua. Ilikuwa na uzito wa pesa. Aligeuza shingo kumtafuta Rukia, lakini pale alipokuwa amesimama Rukia palikuwa patupu, na begi lake halikuwapo.

"Hesabu," alisema Mzee.

Idi akafungua uzi. Noti zilikuwamo, mpya, za benki, hazikuwa zile zilizochakaa alizozichukua yeye. Juu ya noti kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili. Akaikunjua.

Ilikuwa risiti yake, ileile aliyoificha ndani ya koti asubuhi na ambayo hakumwonyesha mtu. Chini ya saini yake sasa palikuwa na saini ya pili, na pembeni yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: mdhamini.

Mama Zulfa alinyoosha mkono. "Imetimia, mwanangu?"

Idi aliitazama ile saini ya pili. Aliijua. Haikuwa ya Rukia, wala haikuwa ya mjomba wake...

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO