Nyumba Kongwe ya Lamu na Ua Wake

Msomaji, ukijaliwa kufika Lamu, usitosheke kuitazama milango yenye nakshi. Omba ruhusa uingie katika nyumba mojawapo ya mawe, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18, kisha utazame juu. Utaona boriti za mikoko zimepangwa kuichukua dari. Sasa kipime chumba kwa hatua zako: ni kirefu, lakini upana wake ni kama mita 3 au pungufu. Je, wenyeji hawakupenda vyumba vipana? Sivyo. Boriti ya mkoko ikizidi urefu huo haiwezi tena kuuhimili uzito wa dari ya mawe. Basi mti wa pwani ndio uliokata kipimo cha chumba.

Vifaa vyote vilitoka karibu. Mawe ya matumbawe yalichimbwa katika kisiwa jirani cha Manda, yakavushwa kwa vyombo. Mengine yalipangwa juu ya rundo la magogo liitwalo tanuu, yakachomwa hata yakawa chokaa. Na ua wa bustani je? Mwenye mali alijenga kitalu cha mawe. Asiyekuwa nayo alikwenda mikokoni kukata nguzo na fito, akasuka makuti ya kumba, akayafunga kwa kamba za nazi. Kitalu cha mawe huweza kuishi zaidi ya miaka 200. Ua wa makuti hudumu miaka michache tu. Ndiyo sababu leo twazijua zaidi habari za matajiri kuliko za maskini.

Wala tusiseme nusu ya habari. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, na kazi nyingi nzito zilifanywa na watumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Majina ya watu hao hayakuandikwa mlangoni, lakini jasho lao limo ukutani.

Sasa yatupasa kuzitengeneza nyumba hizo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa kwa nini? Mtu aonapo chokaa inabanduka hushawishika kupaka saruji, kwa kuwa hukauka upesi. Hapo hukosea. Matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi, na chokaa huuacha utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, jiwe likaliwa kwa siri nyuma ya ukuta unaong'aa. Boriti nazo zataka busara. Kwa karne nyingi majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba, hata mwaka 1982 serikali ya Kenya ikakataza zisiuzwe ng'ambo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini heshima hiyo peke yake haizibi ufa hata mmoja.

Basi, msomaji, kabla hujabomoa ukuta wa zamani au kung'oa ua mkuukuu kwenu, waulize wazee: vifaa hivi vilitoka wapi, na nani aliyevibeba? Ukuta ukianguka kabla ya swali hilo kuulizwa, jibu huenda nao.