Kupima Wavu, Kupima Maji: Hoja Kuhusu Marekebisho ya Kanuni za Uvuvi Lubudi

Kila yanapozuka mazungumzo ya kurekebisha kanuni za uvuvi mkoani Lualaba, jambo la kwanza kuwekwa mezani ni tundu la wavu: liwe na upana gani, nani aruhusiwe kulipima, na anayekutwa na wavu wa tundu dogo atozwe kiasi gani. La pili ni miezi ya kufunga uvuvi. Hapo mjadala huishia, na mtuhumiwa amekwisha kupatikana, naye ni mvuvi. Hoja ya makala haya ni kwamba katika teritwari ya Lubudi tunaanzia pasipostahili. Samaki wamepungua; wavuvi, wachuuzi na walaji wanalisema hilo bila kubishana. Ila kanuni inayoanzia kwenye wavu na kuishia kwenye wavu inagusa sababu iliyo rahisi kukamatwa, wala si ile yenye uzito. Kinachopaswa kulindwa kwanza ni maji yenyewe pamoja na mazalia, na anayepaswa kujibu mbele ya kanuni hiyo ni kila anayeyagusa maji hayo, awe na mtumbwi au awe na kiwanda.

Tuitazame sheria kwanza, maana umri wake unaeleza mengi. Kwa miongo mingi uvuvi nchini Kongo umeongozwa na Dekreti ya 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi, iliyotolewa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Uwindaji ulijipatia sheria yake tarehe 28 Mei 1982. Migodi ilipata yake tarehe 11 Julai 2002, misitu tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, hifadhi ya viumbe tarehe 11 Februari 2014. Sheria ya Migodi ikafanyiwa marekebisho tarehe 9 Machi 2018. Katika msururu huo wote samaki hakupata nafasi. Pengo limekuwa likizibwa kwa amri za magavana na maagizo ya idara, na amri ya namna hiyo, kwa kawaida, huandikwa kwa haraka na humwangukia aliye karibu.

Lubudi iko kati ya mito miwili. Upande wa magharibi kuna Lualaba, inayotoka Kolwezi na kupenya magenge ya Nzilo kabla ya kushuka Bukama. Upande wa mashariki kuna Lufira, inayopita bonde la upande wa Bunkeya, makao ya zamani ya Mwami Msiri, hadi kukutana na Lualaba katika Ziwa Kisale. Katikati kuna reli ya kutoka Tenke kwenda Bukama, kuna kiwanda cha saruji, na kuna migodi ya Tenke na Fungurume, ambayo nayo imo ndani ya teritwari hiihii. Sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa tarehe 15 Mei 1939, imo humu pia. Maji yote hayo humalizikia katika bonde la Upemba na maziwa yake. Huko watu wameishi kwa samaki kwa zaidi ya miaka elfu moja: makaburi ya Sanga kando ya Kisale, yaliyoanza kuchimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1957, yalitoa vyombo vya udongo, zana za uvuvi na mapambo ya shaba. Bonde lile halina shaba. Ilitoka kusini, katika ardhi tunayoichimba leo. Biashara ya shaba na samaki, basi, ilikuwapo kabla ya kampuni yoyote, na wakati huo moja haikuiua nyingine.

Wanaotaka kujua jinsi samaki wa mto anavyoweza kumalizika, hawana haja ya kwenda mbali. Katika Luapula na Ziwa Mweru, upande wa mashariki wa Katanga, kulikuwa na samaki aitwaye pumbu, ambaye wataalamu humwita Labeo altivelis. Kila msimu wa mvua pumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa na makao Kasenga waliwanunua kwa wingi na kuwapeleka kwa malori Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 na ambayo migodi yake ilihitaji chakula cha bei nafuu kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1940 pumbu waliporomoka, na hawakurudi tena kwa wingi ule. Mwanahistoria David Gordon ameieleza habari hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya Luapula.

Mimi naisoma habari hiyo hivi: kilichowamaliza pumbu ni mahali na wakati wa kuwavua kuliko ukubwa wa tundu la wavu. Wavu wa tundu pana kabisa, ukitegwa mdomoni mwa mto usiku ambao samaki wenye mayai wanapanda, humkamata mama na uzao wake kwa mkupuo mmoja, tena unakuwa halali mbele ya anayepima kwa rula. Nyuma ya wavu huo kulikuwa na soko la mgodi, lori na mkopo wa zana. Kanuni zilimfuata Mwafrika mwenye mtumbwi. Soko liliendelea na kazi zake. Na jibu la wakoloni lilikuwa lipi? Mabwawa ya kufugia. Kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville, kilikuwa kikijaribu ufugaji wa tilapia tangu miaka ya 1940, na mwaka 1949 wataalamu wa Kiingereza na wa Kibelgiji walikutana katika mji huohuo kuzungumzia ufugaji wa samaki. Leo nikisikia afisa akiahidi mabwawa kama dawa ya mto uliokauka samaki, nakumbuka kwamba ahadi hiyo ina umri wa wazee wetu.

Kuhusu tundu la wavu, elimu ya uvuvi yenyewe imebadilika kuliko kanuni zetu. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilichapisha uchunguzi wa maziwa kadhaa ya kusini mwa Afrika, uliofanywa na Eyolf Jul-Larsen, Jeppe Kolding, Paul van Zwieten na wenzao. Walichokiona ni kwamba katika maji mengi kupanda na kushuka kwa kina huamua wingi wa samaki kwa nguvu sawa na idadi ya wavuvi, au hata zaidi. Mwaka wa mafuriko mazuri huzaa samaki wengi. Mwaka wa ukame huwapunguza hata pasipo mvuvi mpya. Tena samaki wadogo wanaokua upesi na kufa upesi huweza kuvuliwa kwa wingi bila kumalizika, na wavu wa tundu dogo ndio zana yao. Katazo la tundu moja kwa maji yote linamsukuma kila mvuvi kwa samaki wakubwa walewale, ambao ndio watagaji bora.

Nisieleweke vibaya. Chandarua cha mbu kinachokokotwa ufukweni ni uharibifu mtupu mahali pasipofaa. Watu wawili huingia maji ya magotini, kila mmoja kashika ncha yake, wanatembea taratibu kuelekea matete. Wa tatu, mara nyingi mtoto, anapiga maji kwa fimbo mbele yao. Wanapoinua, kitambaa kimejaa matope, majani na vifaranga vya tilapia vyenye urefu wa ukucha, ambavyo siku chache nyuma vilikuwa vingali ndani ya mdomo wa mama yao. Huwezi kuvitenganisha na kuvirudisha. Vinakwenda kwenye beseni, vinaanikwa juani, vinaliwa na bukari. Hapo kwenye matete katazo linastahili, na liwe kali. Lakini chandarua hichohicho kikitumika katikati ya ziwa usiku kwa dagaa ni jambo lingine. Kanuni inayoshindwa kutofautisha mambo hayo mawili humpa askari kazi nyepesi na kumwachia samaki hasara ileile.

Kufunga uvuvi kwa msimu nakubaliana nako, kwa sharti kwamba tarehe zitoke kwa mto wenyewe. Zambia hufunga sehemu kubwa ya uvuvi wake wa maji baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Katika Ziwa Tanganyika nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kufunga miezi mitatu kila mwaka, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tarehe za Tanganyika, zilizowekwa kwa ajili ya dagaa na migebuka wa kina kirefu, hazina maana Lufira. Huku kambale hungoja mvua kubwa za kwanza, maji yanapofurika nyasini, ndipo apande kutaga. Mwaka mwingine ni Novemba, mwaka mwingine Desemba inakwisha bado. Nani anaijua siku hiyo? Wazee wa vijiji vya kandokando ya mto na machifu wanaogawa sehemu za kuvulia. Kalenda ya ofisini Kolwezi haiijui.

Sasa tuje kwenye maji. Shaba iliyoyeyuka ndani ya maji humdhuru samaki kwa kiwango ambacho binadamu anayeyanywa maji hayo hatakihisi. Hushambulia matamvua, huondoa uwezo wa kunusa ambao samaki huutumia kutafuta chakula na kukwepa adui, na huanza na mayai na vifaranga. Asidi huongeza balaa kwa sababu huifanya metali ibaki imeyeyuka. Maji magumu, yaliyopita kwenye mawe ya chokaa kama yale yanayolisha kiwanda cha saruji cha Lubudi, hupunguza makali hayo kiasi. Hiyo ni neema ya jiolojia, si kazi ya serikali. Mto unaweza kuonekana safi, mtu mzima akauvuka, kambale mkubwa akapita, na bado usizalishe kitu.

Ushahidi upo wa kutosha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao walichapisha vipimo vya Lufira ya juu vilivyoonyesha shaba, kobalti na metali nyingine zikipanda ngazi za chakula kutoka kwenye tope hadi kwa samaki. Mwaka 2012 mashirika ya Uswisi Bread for All na Fastenopfer yalitangaza habari za maji yenye asidi yaliyokuwa yakiingia mto Luilu, jirani na Kolwezi. Machi 2024 shirika la RAID na AFREWATCH ya hapa kwetu walitoa ripoti juu ya mazingira ya migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti, Tenke Fungurume ikiwamo. Wakazi waliohojiwa walisimulia mito isiyo na samaki na mashamba yasiyozaa. Kampuni zina majibu yao kwa ripoti za namna hii, na ni haki yao kuyatoa. Ndiyo maana upimaji usiachiwe kampuni wala washtaki wake.

Mabwawa ya umeme nayo yamo katika hesabu. La Nzilo lilimalizika mwaka 1952, Nseke ikafuata mwaka 1956, na hivi karibuni Busanga yenye megawati 240. Miteremko ya magenge ilikuwa imekwisha kuwazuia samaki wengi kupanda kabla ya saruji kuletwa, kwa hiyo sioni haja ya kulaumu ukuta. Swali ni la saa na kiasi: maji yakizuiliwa juma lilelile ambalo kambale anangoja nyasi zifurike, msimu umepotea hata kama hakuna aliyetupa wavu.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, imeiweka mikononi mwa mkoa kazi ya kutekeleza sheria za taifa za uvuvi na mazingira. Mlango huo unatosha kwa edikti ya mkoa yenye akili. Iyataje mazalia kwa majina, kijiji kwa kijiji, yaliyothibitishwa na machifu na kuchorwa kwenye ramani. Humo pasivuliwe kwa zana yoyote tangu mafuriko ya kwanza mpaka maji yarudi. Sumu na umeme vipigwe marufuku mwaka mzima, kila mahali. Nje ya hapo tundu la wavu lifuate aina ya samaki. Na kila mto unaopokea maji ya mgodi upimwe na maabara ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi au cha Kolwezi, hesabu zibandikwe ofisi ya teritwari na sokoni, tena kwa Kiswahili. Kipimo kikivuka kiwango, umwagaji usimamishwe siku hiyo, kama mvuvi anavyonyang'anywa wavu siku hiyo.

Watauliza mvuvi atakula nini miezi ya kufungwa. Swali ni la haki. Anayelipuuza hajawahi kumwona mama mchuuzi stesheni akipanga kambale wake wa moshi, waliokunjwa duara mkia ukigusa mdomo, huku mnunuzi akibonyeza mgongo kuona kama moshi umefika kwenye mfupa. Biashara hiyo ikisimama, nafasi yake inachukuliwa na samaki wa barafu wa kutoka Namibia, na ada ya shule haipatikani. Lakini fedha zipo. Sheria ya Migodi ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa mamlaka za chini zenye migodi, na inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sehemu ya fungu hilo iwalipe wavuvi kulinda mazalia katika miezi ileile wanayozuiwa kuyavua. Hiyo ni kazi, na yastahili ujira. Tena watayalinda vizuri kuliko askari anayekuja mara moja kwa mwaka.

Wabunge wa mkoa wakiletewa rasimu nyingine yenye vifungu vya nyavu na faini peke yake, wairudishe ilikotoka hadi iwe na kifungu cha maji.