Rika, Si Kizazi

Tangu Juni 2024, gazeti la Kenya likitaka kuwataja vijana waliojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha huandika "kizazi cha Z", au huliacha jina la kigeni lijitamkie lenyewe: Jenzii. Sikio la Mswahili husikia humo ujenzi, na hilo silo baya. Ninalolilalamikia ni kizazi.

Kizazi kina tumbo ndani yake. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa mji wa mimba husemwa ametolewa kizazi. Ukilitaja neno hilo umekwisha kuwapanga watu wima: babu, baba, mwana, mjukuu. Hujasema bado nani alikua na nani, wala walipita wapi pamoja. Kazi hiyo ni ya rika, na pwani kuna hirimu pia, neno tamu ambalo siku hizi limebaki zaidi kwa wazee na washairi. Kwa Wakikuyu, riika ilipewa jina la jambo kubwa la mwaka wa jando. Wakalenjin wana majina yanayozunguka na kurudi: Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na mengineyo. Kokote uendako sharti ni lilelile: rika watu huliingia, hawazaliwi nalo. Na aliyeliingia hatoki. Atazeeka nalo.

Tofauti hii ina uzito wake katika habari za kura. Wachunguzi wa uchaguzi huuliza maswali mawili ambayo kwa Kiswahili cha magazetini huchanganywa. Kijana akikosa kwenda kituoni, je, ni ujana tu, ambao utamtoka akipata shamba, mtoto wa shule na kodi ya nyumba? Au ni alama ya rika lake, jambo lililomwingia akiwa na miaka kumi na minane ambalo atakwenda nalo hadi uzeeni? Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kuzaliwa wakati mmoja hakutoshi. Watu huunganishwa na mambo yaliyowapata wakiwa wabichi. Wazee wa jando walilijua hilo bila kuliandika.

Kwa chama cha siasa, jibu la kwanza ni faraja: subiri tu, watakua. Jibu la pili ni tangazo la kifo.

Hesabu za Kenya zinatisha kidogo. Kuelekea uchaguzi wa 2022, daftari la wapigakura liliongezeka hadi milioni 22.1, kutoka milioni 19.6 za 2017. Hata hivyo, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba vijana walikuwa asilimia 39.84 tu ya waliosajiliwa, na kwamba idadi yao imeshuka kwa asilimia 5.17 tangu 2017. Daftari linanenepa, vijana wanakonda. Wapo walioliita hilo uvivu, yaani ujana. Miaka miwili baadaye hao waliodaiwa kuwa wavivu waliingia hadi ndani ya Bunge, tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada. Mwito wao ulikuwa mfupi: bila kabila, bila kiongozi, bila chama.

Nianze na hilo la mwisho, maana wazee walilisikia kama tusi. Chama, kwa mzee wa Kenya, kilikuwa nyumba. KANU, chama tawala cha enzi hizo, ilijiita baba na mama, na mwenye nyumba alikuwa na vijana wake wa mkono, mayuthwinga, waliokagua kadi sokoni na kituo cha basi. Ulizaliwa ukaikuta, kama ulivyoukuta ukoo. Hapo ndipo neno kizazi lilipofaa kweli, kwa kuwa chama kilirithiwa kiwima.

Kisha tazama waliofuata baada ya KANU. Kibaki alishinda urais 2002 kwa NARC, akarudi 2007 kwa PNU. Uhuru Kenyatta alishinda 2013 akiwa na TNA ndani ya muungano wa Jubilee, na 2017 akiwa na chama kipya cha Jubilee. Ruto alishinda 2022 na UDA. Chaguzi tano, vyama vitano. Jubilee iliyokuwa serikalini 2017 haikuwa hata na mgombea wake wa urais 2022. Sasa kijana aliyekulia humo angejifunza uaminifu wa chama kutoka kwa nani? Wakubwa wake walikuwa wakibadili chama kwa kila uchaguzi, na hawakumuuliza. "Bila chama" ni tendo la wazee lililotamkwa kwa sauti na vijana.

Nami nadhani kuna chama ambacho vijana hawa hawakukikataa. Katika Kenya ukisema "nina chama leo jioni", hakuna atakayedhani unakwenda kwenye siasa. Ni kundi la watu wanaochanga, fedha zinamzungukia mmoja baada ya mwingine. Ndani yake kila mtu anajua ametoa ngapi, zamu yake ni lini, na nani ameshika daftari. Linganisha na Juni 2021, Wakenya walipopekua mtandao wa serikali wakakuta majina yao yameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Neno ni moja, lakini katika chama cha kuchanga huwezi kuwa mwanachama bila kujua.

Kuna msamiati mwingine unaostahili kuchunguzwa, wa kupiga kura kwa mkupuo. Tanzania, CCM iliomba "mafiga matatu": rais, mbunge na diwani, wote wa chama kimoja, kwa sababu chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Kenya, yenye nafasi sita za kuchagua kila baada ya miaka mitano, huomba suti ya vipande sita. Istilahi zote mbili zinamdhania mpigakura kuwa mtu wa nyumba moja, na tofauti yake ni ya kupendeza: figa ni la jikoni kwa mama, suti ni ya mtu anayekwenda ofisini. (Sijasikia bado chama kinachoomba jinzi na fulana.) Ila Mkenya asiyependa suti anaweza kumchagua mgombea huru. Mtanzania hana nafasi hiyo. Anayeitwa huko mgombea binafsi bado hakubaliki kisheria, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Huru na binafsi: kwetu anasifiwa, kwao jina lenyewe linamtuhumu ubinafsi.

Turudi kwenye marika. Herufi za X na Z zinazotajia vizazi zimekatwa Marekani. Kule hesabu huanzia kwa watoto waliofurika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari waliporudi nyumbani. Historia yetu ni nyingine: Kenya ya 1952 hadi 1960 ilikuwa katika Hali ya Hatari. Tukitaka majina yetu, tunayo: rika la uhuru, rika la maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979, rika la 8-4-4 iliyoanza 1985. Halafu lipo rika la elimu ya bure, lililofunguliwa Januari 2003. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwezi huo alizaliwa takriban 1996 au 1997, na mwaka 1997 ndio Wamarekani huuanzishia Z yao. Mistari imekutana kwa bahati, lakini yetu ina sababu yake: watoto hawa waliona ahadi ya kampeni ikitimizwa mbele ya macho yao, wakiwa na umri wa kukumbuka. Kwa kuwa rika huingiwa, mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84, angedai nafasi humo pia.

Kwamba rika hudumu, ushahidi upo Ikulu. Mwaka 1992 kundi la vijana wa KANU, YK'92, lilimfanyia Rais Moi kampeni, na Ruto alikuwa miongoni mwao. Miaka thelathini baadaye alishinda urais. Upande wa pili, James Orengo alikuwa miongoni mwa wapinzani vijana wa wakati uleule; mwaka 2022 alichaguliwa gavana wa Siaya. Ujana uliwatoka wote. Rika halikuwatoka.

Basi wahariri, andikeni rika. Vyama vinavyongoja ujana upite vijue pia kwamba Katiba ya Kenya inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 ambaye hajafika 35. Aliyezaliwa Januari 1997 atapiga kura kama kijana katika uchaguzi mkuu mmoja tu uliobaki, wa tarehe 10 Agosti 2027.