Tarehe 4 na Tarehe 5 Julai

Wanafunzi mlioko darasani mnaijua tarehe 4 Julai kama jibu la mtihani: mwaka 1776, mjini Philadelphia, wajumbe wa makoloni 13 walipitisha Azimio la Uhuru wa Marekani. Jibu ni sahihi. Lakini sikukuu nayo ina historia yake, na mara nyingi historia hiyo huonekana barabarani na penye chakula kuliko bungeni.

Hata tarehe yenyewe nusura iwe nyingine. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2. Siku ya pili yake John Adams alimwandikia mkewe, Abigail, kwamba tarehe 2 Julai itasherehekewa na vizazi vyote kwa gwaride, michezo, kengele na mioto. Yote yalitimia isipokuwa tarehe! Maadhimisho ya kwanza yalifanyika Philadelphia mwaka 1777, vita vikiwa bado vinapiganwa. Meli zilipambwa, mizinga ikapigwa mara 13, na bendi ya askari wa Kijerumani waliotekwa Trenton ikawatumbuiza wakubwa mezani. Usiku watu waliweka mishumaa madirishani. Nyumba zilizobaki gizani, baadhi yake zilivunjwa vioo.

Baada ya vita desturi ikaota mizizi. Mji wa Bristol, katika jimbo la Rhode Island, umeiadhimisha siku hiyo tangu 1785 hadi leo. Asubuhi huwa gwaride. Zamani watu walikusanyika kisha kanisani au uwanjani, Azimio likasomwa kwa sauti kuu na msemaji akahutubia, wakati mwingine kwa saa nzima na zaidi (watoto, bila shaka, waliwaza chakula). Julai huko ni majira ya joto, basi mchana jamaa na majirani hula nje kivulini, na usiku hurushwa fataki. Majimbo ya kusini yalisifika kwa nguruwe mzima aliyeokwa polepole juu ya shimo la makaa.

Hapo ndipo inafaa kuuliza: ni nani aliyekesha akichochea makaa hayo? Mara nyingi alikuwa mtumwa. Na hata Mweusi aliyekuwa huru hakuwa na hakika ya kukaribishwa. Mwaka 1805, huko huko Philadelphia, Weusi waliokuja uwanjani kusherehekea walifukuzwa na Wazungu.

Sheria ya jimbo la New York iliwaacha huru watumwa wa mwisho wa jimbo hilo tarehe 4 Julai 1827. Weusi wengi waliamua kuandamana kesho yake, tarehe 5. Sababu zilikuwa mbili: kuepuka walevi wa Kizungu waliozoea kuwashambulia siku ya nne, na kuonyesha kwamba uhuru wa taifa haukuwa bado uhuru wao. Walikuwa na bendi, bendera na hotuba, kama wengine. Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani, alichagua pia tarehe 5 Julai, mwaka 1852, mjini Rochester, kuwauliza wasikilizaji wake sikukuu hiyo ina maana gani kwa mtumwa. Kwa maoni yangu hakuna hotuba ya Julai iliyoipita ile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe viligeuza mambo. Wazungu wengi wa kusini, walioshindwa, waliisusa sikukuu. Waliokuwa watumwa wakaichukua. Mjini Charleston familia zao zilijaa bustani ya ufukweni, penye vyakula na ngoma, mahali ambapo awali mtumwa hakuruhusiwa kustarehe. Hilo liliwaudhi wengi. Tarehe 4 Julai 1876, taifa likitimiza miaka 100, askari wa mgambo Weusi wa Hamburg, South Carolina, walikuwa wakifanya gwaride walipogombana na Wazungu wawili waliotaka kupita. Siku nne baadaye kundi la Wazungu wenye silaha liliuvamia mji. Weusi sita waliuawa.

Huko Texas, Weusi walishika siku nyingine, 19 Juni, kwa kuwa tarehe hiyo mwaka 1865 ndipo jeshi lilipotangaza Galveston kwamba watumwa wako huru. Mwaka 1872 wale wa Houston walichanga fedha wakanunua ekari 10, wapate mahali pa kusherehekea pasipo kuomba ruhusa ya mtu. Bustani hiyo ingalipo, na mwaka 2021 siku yao ikafanywa sikukuu ya taifa zima.